Mililita Mbili

Kwenye kikoba nilisema ni simtank.
Zamu yangu ikafika, wakanihesabia noti mezani,
hongera Aikande, sasa utaoga hata maji yakikatika,
nami nikashukuru kwa mdomo huu huu
ambao Jumamosi yake niliupeleka Arusha
kujazwa.

Basi la saa moja. Boma Ng'ombe mvua, Usa River jua.
Miwani myeusi, utadhani nimefiwa.

Njiro, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae.
Daktari Tasneem ni rika la kifungua mimba wangu.
Alinichora uso kwa kalamu nyeupe,
fundi anayetaka kupunguza gauni,
ila hakuuliza ni la harusi ya nani.
Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa:
"Kushoto kumekunjamana zaidi.
Mama, unalalia ubavu wa kushoto?"

Nikanyamaza.
Kushoto ndiko uliko ukuta.
Miaka ishirini na sita nimelala nikiutazama.
Naujua ufa wake, napajua rangi ilipobabuka
masika ile bati lilipong'oka,
naijua saa ambayo taa ya jirani humulika msumari.
Nyuma yangu mtu anakoroma.
Mtu mwema, sisemi uongo, ada analipa, pombe hanywi,
basi tu, la kuambizana lilikwisha
na hakuna aliyekwenda kununua jingine.
Yote hayo yamo ndani ya mkunjo mmoja,
toka puani hadi pembeni mwa mdomo,
na binti huyu kayasoma
kama mhasibu asomavyo risiti.

Sindano yenyewe haiumi sana. Kinachotisha ni sauti,
kitu kinachochanika taratibu ndani ya nyama,
kanga mpya ikitenganishwa na mwenzake.
"Mililita mbili," akasema.
Mbili! Na kule lita elfu mbili, kwa bei ileile.
Nikacheka. Akanikataza.
"Usicheke leo. Na siku tatu ulale chali."

Chali. Mimi.
Usiku ule nikaiona dari yangu,
ubao mmoja umepinda, sijui tangu lini.
Baba Eliakunda akageuka gizani:
"Unaumwa?"
"Hapana."
"Mbona umelala hivyo?"
Tukaongea. Habari za karo la choo, na fundi aliyekula advansi.
Lakini tuliongea.

Kazini wanasema nimepumzika.
Wifi Eshimendi, asiyepitwa na jambo,
alinitazama ibada nzima, mpaka sadaka ya pili,
kisha pale mlangoni akatupa: uzuri wa mkakasi…
Hakumalizia. Nami sikumsaidia.
Na mtu asiniletee habari za mlima,
kwamba nao unaishiwa theluji na haujalalamika.
Mlima haukai dirishani SACCOS.
Mlima hauitwi bibi
na kijana mwenye mvi zake mbili, anayeomba mkopo.

Jumapili nikapanda Kibosho kwa mama.
Mtoto wa jicho kamfunga macho yote mawili,
siku hizi anaona kwa vidole.
Alianza na paji, akashuka puani,
akafika shavuni, akasimama.
Akabonyeza. Akabonyeza tena,
hivi anavyobonyeza parachichi kabla ya kulipa.
Nikasubiri. Jikoni mtori ulikuwa unatokota,
na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili,
nilibana pumzi kama mtoto aliyeiba sukari.

"Umenenepa," akasema.
Kidole kikabaki pale pale.
"Nani anakulisha?"

Daktari anasema ni mwaka mmoja hivi,
halafu mwili unakula wenyewe, polepole, bila kuaga.
Sawa. Mwili umekwisha kula mengi ya bei kubwa kuliko hayo.

Jumatano kikoba kinakutana kwangu.
Watanawa, watauliza tangi liko wapi.
Nimenunua ndoo mbili mpya.
Nimezijaza pomoni.
Nimezifunika.